Barua za Wasomaji: Baiskeli ya Kushindania Wawili Wawili

Zimepokelewa barua tatu kuhusu slalomu ya wawili, yaani mbio fupi za mteremkoni ambamo washindani wawili huachiliwa kwa pamoja kutoka langoni, kila mmoja akishika njia yake sambamba na ya mwenzake, kisha hubadilishana njia na kurudia, ili asiwepo wa kusingizia ubovu wa upande. Mbio hizi, ambazo zilitolewa katika Kombe la Dunia la baiskeli za milimani mwaka 2002 na nafasi yake kuchukuliwa na zile za washindani wanne, zingali hai katika tamasha la Sea Otter Classic huko Laguna Seca, Kalifornia.

Msomaji anayejiita Sijali Bei anaeleza kwamba amenunua baiskeli ya kushukia milima mikali, yenye shokapu za milimita 200 mbele na nyuma, na anauliza kwa nini huona migongo ya wenzake tu. Jibu limo katika bei aliyolipa. Shokapu, ambayo ni springi ya kumeza mishtuko, haichagui cha kumeza: mwendeshaji anapokanyaga pedali kwa nguvu langoni, au anapoikandamiza baiskeli kwa mikono na miguu kwenye mgongo wa tuta ili impe kasi upande wa pili, shokapu ndefu hunywea na kuila nguvu hiyo kabla haijafika ardhini. Kwa kuwa mbio nzima haifiki dakika moja, kilicholiwa langoni hakirudi. Inayomfaa ni baiskeli fupi, isiyo na shokapu nyuma, au yenye shokapu ya milimita 100 hivi, na foko ngumu mbele; magurudumu ya inchi 26, ambayo wauzaji wengi wameshayasahau, hushika kasi upesi kuliko makubwa. Ile ya milimita 200 auziwe mwenye mlima.

Mama Watoto analalamika kwamba mumewe ameshusha kiti cha baiskeli hadi magoti yanakaribia kidevu, na anataka kujua kama apelekwe hospitali. Mume ni mzima. Katika kona iliyoinuliwa ukingo, baiskeli hulazwa ubavu huku kiwiliwili kikibaki wima, na kiti kirefu humzuia mwendeshaji kwa kumgonga paja palepale anapotaka kuilaza zaidi. Hata hivyo, kumfuata mama mkwe kituoni kwa kiti hicho ni jambo ambalo safu hii haiwezi kulitetea.

Barua ya tatu inaomba baiskeli itakayomshinda shemeji bila mazoezi. Baiskeli hiyo haijatengenezwa. Mwombaji afunge gia moja tu mbele, pamoja na kizuizi cha kuushika mnyororo usichomoke kwenye matuta, aweke tairi zenye meno mafupi katikati na marefu pembeni, kisha ajifunze kusimama juu ya pedali zilizo sawa, gurudumu la mbele likiegemea lango, na kuondoka mara lango linapoanguka. Shemeji aliyetajwa naye aliandika wiki iliyopita, akiuliza swali lilelile, na alijibiwa vivyo hivyo.