Stendi Kubwa na Wapangaji Wake

Aliyeamua kwamba pikipiki ndefu za porini ziende bila stendi kubwa, ile ya miguu miwili, nina hakika hajawahi kuegesha Mugango. Hoja zake nazijua, nimeelezwa mpaka nimechoka: chuma kile kinaongeza uzito, kinaongeza bei, na kinaning'inia chini ya tumbo la pikipiki mahali ambapo jiwe la barabarani halikosi kukifikia. Haya. Lakini yeye alipokuwa anachora, chini ya meza yake palikuwa na sakafu. Huku kwetu ukiacha barabara hatua chache unakanyaga mchanga wa ziwa, na ukiukimbia mchanga unaangukia kwenye mwamba uliolala upande. Stendi ndogo, ule mguu mmoja wa pembeni, inataka ardhi ngumu iliyo sawa. Ardhi hiyo Mugango ipo, ila kuna watu wameanika dagaa.

Kwa hiyo mimi, mwalimu mzima wa shule ya msingi mwenye pikipiki ya namna hiyo, nikawa natembea na kipande cha ubao ndani ya begi la madaftari. Nikifika kwa watu, kabla sijamwamkia yeyote, nainama kuweka ubao chini ya mguu wa stendi. Wazee wakawa wanadhani ni adabu, wakanisifu. Siku ambayo watoto wameuchomoa ubao wakachezee, mambo yanakuwa hivi: mchanga unameza mguu polepole, pikipiki inainama, inafikiri, inalala. Imelala msibani watu wakiwa kimya. Imelala mwaloni juu ya beseni la sato la mama mmoja, na nikalipia sato ambao sikuwaonja.

Hapo ni kuegesha tu. Kufunga mzigo ni kesi nyingine. Gunia la dagaa halifungwi kwenye pikipiki iliyoegemea upande. Unalibana huku, linamwagikia kule. Lazima umwite mtu: "Ndugu yangu, nishikie hapa kidogo." Maneno hayo ni mkopo. Anayekushikia pikipiki leo, kesho anataka umpeleke Musoma, na mafuta hataji. Kukaza cheni nako kulikuwa kunahitaji mkutano: wawili wainamishe pikipiki, wa tatu azungushe gurudumu la nyuma, mimi nipime ulegevu ambao kitabu cha pikipiki kinaudai, na mpita njia mmoja aulize kama kuna ajali.

Kilichonichoma zaidi ni vijana wa bodaboda pale kijiweni. Boxer zao na TVS zao zimekuja na stendi zote mbili, kubwa na ndogo, toka dukani. Saa sita mchana utawakuta wamelala chali juu ya pikipiki zilizosimama wima, kichwa kwenye tangi, miguu kwenye keria, wanakoroma. Mimi yangu siwezi hata kuiegemea. Nikajisomea. Honda Super Cub iliyotoka Japani mwaka 1958, kapikipiki kadogo ambako mtu angeweza kukasimamisha kwa goti, ilikuwa na stendi kubwa, na mpaka mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Baba yangu alikuwa na baiskeli ya Phoenix, nayo ilikuwa na ile stendi pana ya nyuma inayoinua gurudumu, ukikanyaga pedeli linazunguka hewani. Yaani mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kumiliki chombo kisichojua kusimama.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea.

Fundi aliizunguka pikipiki, akaipiga teke la kirafiki kwenye tairi, akasema kazi ndogo. Nimeshajifunza kwamba kwa mafundi, kazi ndogo ni ile ambayo hawajaianza. Alikuwa na stendi ya Boxer ya mtumba, akaniambia hiyo hiyo inatosha. Boxer ni fupi, yangu ni ndefu. Stendi ikashuka, ikagusa ardhi, na pikipiki haikujua kama kuna kilichotokea. Tairi zote mbili chini. Nikamwonyesha rula yangu ya ubaoni, nikamwambia tupime kutoka kwenye boliti mpaka ardhini, tuongeze kidogo ili gurudumu lielee, tumalize. Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "chuma hakina hesabu, kina jicho."

Jicho likaongeza vipande vya bomba kwenye miguu. Sasa stendi ikawa ndefu mno, ikataka pikipiki ipandishwe shibiri nzima hewani ndipo ikae. Tukawa tunasukumana mimi, fundi na wateja wawili waliokuja kuchomelewa jiko. Akachukua grenda akakata. Akakata mguu mmoja zaidi ya mwenzake. Hapo umeme ukakatika, jambo ambalo fundi alilipokea kwa furaha kupita kiasi.

Lakini nimpe haki yake. Umeme uliporudi, kabla hajachomea vishikizo kwenye fremu, alichomoa waya wa betri, maana moto wa kuchomelea ukipita unaweza kuunguza CDI na pikipiki ikabaki sanamu. Na alinifundisha kitu ambacho rula yangu isingenifundisha: stendi kubwa haisimami wima kabisa. Miguu yake lazima ipite wima, isogee mbele kidogo, kisha igote kwenye kizuizi. Isipopita, mtu akipiga chafya jirani, pikipiki inashuka. Mwisho akaichomea viatu, vipande viwili vya chuma bapa chini ya miguu, ili mchanga usiimeze. Viatu hivyo ni vipana kuliko vyangu.

Nililipa. Nikaisukuma mpaka nyumbani kwa madaha, nikaifikisha uani, nikataka kuisimamisha mbele ya mama watoto. Haikupanda.

Kumbe kupandisha pikipiki kwenye stendi kubwa ni fani, na kila mkazi wa Mugango anayo isipokuwa mwenye pikipiki. Majirani walijaa. Mmoja anasema vuta keria. Mwingine anasema usivute, sukuma. Babu wa nyumba ya tatu, ambaye hajawahi kupanda hata baiskeli, akaniuliza kama nimekula. Hapa hapa Mugango kuna mradi wa maji unaosukuma maji ya ziwa mpaka Kiabakari na Butiama, umesanifiwa kutoa lita milioni 35 kwa siku, yote yakipanda. Na mimi, kando ya maji hayo hayo, nashindwa kuinua tairi sentimita tatu.

Ilikuja kuwa kijana wa bodaboda, niliyemfundisha la nne na ambaye hesabu zilimshinda, ndiye aliyenielekeza. "Shikamoo mwalimu. Acha mikono. Hii haitaki mikono." Unasimama kushoto, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye keria. Unashusha stendi kwa mguu mpaka viatu vyote viwili viguse ardhi. Ukisikia kimoja kimetangulia, pikipiki haijasimama wima, iweke sawa. Kisha unapanda juu ya kile kikanyagio kwa uzito wako wote. Mwili ndio jeki, mkono unaonyesha njia tu. Nikafanya hivyo, na pikipiki ikarudi nyuma ikapanda kama mgeni rasmi aliyeitwa jukwaani. Watu wakapiga makofi. Kijana akaongeza, mbele yao wote, "Mwalimu ameelewa." Maneno yale niliwahi kumnyima.

Sharti moja hakulisema: usifanye na kandambili. Kikanyagio cha stendi yangu ni nondo iliyokatwa kwa grenda ile ile yenye jicho, na kimeshatoboa soli na kuuchubua muundi wangu. Siku hizi nikienda dukani kununua sukari navaa buti za mvua jua likiwaka, na nikiulizwa nasema natarajia mvua.

Shida halisi ilianza baada ya pikipiki kujua kusimama. Ilipokuwa inaegemea upande hakuna aliyeitaka; ukikaa unateleza. Iliposimama wima na kutulia, Mugango wote ukagundua kwamba uani kwa mwalimu kuna samani.

Wa kwanza walikuwa watoto, wangu na wa mtaa mzima. Gurudumu la nyuma liko hewani, kwa hiyo linazunguka, kwa hiyo hilo ni basi. Mmoja anashika usukani, wawili nyuma yake, wa nne anazungusha tairi kwa mkono na kupiga debe: "Bunda! Mwanza! Wawili tu tunaondoka!" Nauli wanalipana kwa punje za mahindi, na mahindi hayo ni mbegu niliyoiweka darini. Nikiwatimua wanashuka kwa utaratibu, na kondakta anarudisha chenji.

Kisha kuku. Mchana kiti ni cha watoto, jioni ni cha kuku, na jogoo amechagua usukani. Sitaki kueleza hali ya kiti asubuhi. Mwaka huu nimeingia darasani na kaunda suti yenye ushahidi nyuma, na darasa zima likasimama kuniamkia kwa sauti yenye mashaka.

Halafu jirani yangu mvuvi. Kushona nyavu kunahitaji mahali imara pa kufungia, na kwa miaka yote alikuwa anatumia mti wake. Sasa anasema mti uko mbali na kivuli. Sikuelewa mti unakuwaje mbali na kivuli, lakini nyavu zikahamia kwenye usukani wangu. Anashonea pale, ananisimulia bei ya sangara, jua likizama anasema, "Nitamalizia kesho, usisumbuke kufungua." Kesho yake nina kipindi cha kwanza, na pikipiki imevuliwa.

Mama watoto hasemi kitu. Yeye huanika blanketi tu.

Niliwaza kuisogeza pikipiki upande wa juu wa kiwanja, kwenye mteremko, ambako watu ni wachache. Nako kuna masharti. Tairi ya nyuma ikiwa hewani gia haisaidii kitu. Ukiiweka gia ya kwanza ni kujifurahisha. Ikitazama bondeni, mtoto akiigusa inasogea mbele, stendi inakunjika, na pikipiki inaanza safari bila dereva. Lazima itazame mlimani, ili uzito wake uirudishe kwenye kizuizi. Kwa hiyo kila jioni naigeuza nikihema, kuku wakingoja kando nimalize.

Na barabarani haijanyamaza. Springi inayoibana stendi juu ni ya kutoka kwenye kitanda cha chuma, kwa ladha ya fundi, na kwenye barabara ya mawimbi inacheza. Kwa-kwa-kwa-kwa, toka Mugango mpaka lami. Nimechomeka kipande cha kandambili iliyotobolewa kati ya chuma na chuma, kelele ikapungua ikawa ku-ku-ku. Mzee ninayedaiwa naye hela ya mbuzi ananisikia nikiwa bado nyuma ya kilima. Nikifika kwake tayari yuko getini, amevaa koti. Nilimwambia fundi springi ikikatika stendi itashuka njiani na kulima barabara. Akasema haitakatika. Nikauliza anajuaje. Akagusa jicho.

Juzi amenipigia simu mwenyewe, sauti imejaa heshima. Afisa mmoja mwenye pikipiki ndefu mfano wa yangu ameona stendi yangu akaipenda, anataka ya namna ile ile, ila vipimo havikuandikwa popote. Je, naweza kumwachia pikipiki Jumamosi kutwa, iwe sampuli? Nikamwambia Jumamosi nina kikao cha mahari Butiama, mjomba ndiye mimi, ng'ombe hawahesabiki bila mimi. Nitafikaje?

"Mwalimu," akasema, "hapo kijiweni bodaboda wamejaa. Na zao zote zina stendi kubwa."