Mwiba Usionukia

Waridi sisi wa Lamu tunalijua kwenye mrashi. Hutufikia limekwisha kuwa maji, tukanyunyiziwa kwenye Maulidi na harusini, na mti wake hatuna haja ya kuuona. Kilichopanda ukutani kwangu, kikavuka dari na kushuka kwa jirani bila kupiga hodi, si waridi. Ni bogenvilia. Washairi wamelisifu waridi hadi limechoka, na asumini ina wanawake wote upande wake. Basi acheni mimi nisimame na huyu asiye na wakili.

Nasaba ya kutamba nayo katika mtaa wa Mkomani hana. Kwao ni Amerika Kusini. Mwaka 1767 Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea wa Kifaransa, aliukuta mti huu Rio de Janeiro, na ukapewa jina la mkuu wa msafara wake, Louis Antoine de Bougainville. Kupanda chombo na kuchukua jina la mwenye chombo: mgeni huyo anajua kuishi na watu. Commerson alikuwa na msaidizi, Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa nguo za kiume ili apate kusafiri, na wapo wasemao kwamba huenda yeye ndiye aliyeuona mti kwanza. Mimi nawasadiki, maana mti wenyewe una tabia hiyo hiyo ya kujificha. Ule wekundu tunaouita maua ni majani yaliyovaa nguo za sherehe. Ua lenyewe ni jeupe, jembamba, nayo hukaa matatu matatu katikati, yamejibana kama wari. Mabibi wa zamani wa hapa walikuwa wakipita njiani ndani ya shiraa, pazia lililobebwa na watumwa. Bogenvilia hadi leo hutoka na shiraa yake, tena haimtumikishi mtu.

Shangazi yangu kila akija huinusa, kana kwamba safari hii huenda imejirekebisha.

"Mwanangu, ua lisilonukia ni la nini?"

"Ni la kuachwa mtini, shangazi."

Alicheka, lakini sikuwa natania. Asumini huchumwa jioni, ikatungwa, na kufika alfajiri imeshanyauka kwenye nywele za mtu. Imeuawa na sifa zake. Bogenvilia, kwa kukosa harufu na kuzidi miiba, haijawahi kuitwa kwenye kitanda cha arusi yoyote, na bado iko hai.

Miiba hiyo nayo ina kazi. Uchochoro wetu upana wake ni punda na shogi lake, hapana zaidi. Ijumaa moja mzee alikuwa akienda msikitini, punda wa mchanga akaja mbele yake, naye akajibana ukutani kwangu. Punda alipopita, mzee akaendelea na safari. Kofia ikabaki juu. Kofia ya vito, kazi ya miezi ya sindano, inaning'inia baina ya maua ambayo si maua. Niliishusha kwa mpini wa ufagio, nikaomba radhi. Akaigeuzageuza akitafuta uzi uliokatika, asiuone.

"Mti wako una mikono," akasema, akaivaa.

Halafu si mti wa gharama. Mji huu hunywa maji ya visima vya chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na kila bustani inayamezea mate. Bogenvilia ukiinywesha sana hukulipa majani mabichi matupu. Isahau wiki kadhaa za kaskazi, jua likiwaka na upepo mkavu, ndipo itakapolipuka kwa rangi. Niambieni mti mwingine unaomtunuku mvivu. Tangu mji uingie kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, wageni huja kutazama kuta za matumbawe na milango ya nakshi, na si wachache wanaorudi kwao na picha ya mti wa Brazili.

Hata hivyo jana nilipanda darini na panga. Jirani amelalamika mwaka mzima: majani makavu kwenye sufuria, mwiba kwenye ndara ya mtoto. Nilikuwa nimekata tawi moja, kidole kinatoka damu, nikasikia sauti yake kutoka chini.

"Huku usikate, babu! Hilo ndilo linalonifichia kamba ya nguo."