Sifa za Tope la Lindisfarne

Washairi wamesifu mwezi, waridi na macho ya wapenzi. Tope hawajaligusa, labda kwa kuchelea kanzu zao. Nalisifu mimi, ambaye limenidhulumu kiatu.

Lindisfarne ni kisiwa cha kaskazini-mashariki ya Uingereza. Ngome yake imekaa juu ya jabali la doleraiti, uji wa moto uliopanda kutoka chini na kuganda ardhini karibu miaka milioni 300 iliyopita. Maji yakipwa, mahujaji huvuka kwa miguu wakifuata safu ya nguzo ndefu, na hapo ndipo tope hupokea wageni.

Ukarimu wake hauna mfano. Wenyeji wengine husema "kaa kidogo". Tope halisemi, linakukalisha. Linapokea vidole, linapokea kisigino, likifika muundini mmeshakuwa jamaa. Ukiaga linaguna, mchwaaa, na kubaki na kiatu cha kushoto, rehani ya kwamba utarudi. Cha kulia linakuachia, maana si choyo. Ukiinama kukidai, linaomba na mkono. Waliozoea njia huvuka peku. Huko ni kulinyima haki yake.

Halitozi kiingilio. Halimjui askofu wala mtalii. Na Waviking walipoivamia nyumba ya watawa mwaka 793, tope halikuwa na lawama: walikuja kwa mashua. Harufu siisifu. Linanuka.

Lakini mtazame jirani yake, barabara ya lami iliyofunguliwa mwaka 1954. Bahari huifunika mara mbili kwa siku. Saa za kupita zimebandikwa, na picha ya gari lililozama ipo. Bado hutokea bwana mkubwa, vioo juu, akaona maji yanakata lami na kujiambia yatapungua. Yatapungua kwa amri ya nani? Punde yumo kwenye kibanda cha kujiokolea kilichoinuliwa juu ya nguzo, gari linakunywa chumvi, na mashua ya uokoaji inatoka kijiji cha Seahouses na watu wa kujitolea walioacha kazi zao au usingizi. Akishakauka, anailaumu barabara!

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; huyu guu lake zima, wanaohangaika ni wengine. Lami humbembeleza mjinga hadi katikati ya maji. Tope humshika mguu mapema, njia ya kurudi ingali wazi. Basi nenda kwa miguu, na kama ni lazima gari, soma ubao: saa iliyoandikwa pale si ombi.