Habari Moto Moto za Queen

Sisi wapenzi wa bendi ya Queen wa tangu enzi hatuishiwi habari. Mpiga besi John Deacon kastaafu! Alistaafu 1997, lakini mwenzetu anatunong'oneza kana kwamba kapigiwa simu alfajiri. Mwingine naye analeta lake: shingo ya gitaa la Brian May ilichongwa kwa ubao wa meko kuukuu, na hulipiga kwa sarafu ya peni sita. Tunaitikia "Wacha wee!" kwa adabu, kana kwamba hakutuambia juzi. Ila mgeni athubutu kusema Freddie Mercury alizaliwa London! Wazee wenye magoti mabovu husimama wima kama askari: Zanzibar, 1946! Kisha tunaketi, tunarudi kwa Deacon. Kumbe bado kastaafu.