Pilau, Mchuzi, Supu na Iddi

Kuku wa mayai wa mashamba makubwa ya Uingereza hustaafu akiwa na wiki kama 72, umri ambao mtoto wa binadamu pengine bado hajaacha ziwa. Hastaafu kwa hiari. Kwa mwaka ametaga mayai yapata 300, wakati jamaa zake wa porini kule Asia hutaga dazeni moja hivi na kujiona wamefanya kazi. Sasa maganda yanakuwa membamba, mayai yanapungua, na mfugaji anapiga hesabu ya pumba. Kabla lori la machinjioni halijafika, ndipo watu wa aina yangu hujitokeza na makreti.

Nasema watu wa aina yangu, ingawa asubuhi ile katika kikosi cha kujitolea hapakuwa na mtu wa aina yangu hata mmoja. Walikuwa mabibi wa Kiingereza wenye mabuti ya mvua na chupa za chai, na mimi, mtoto wa Tanga, niliyekua nikijua kwamba kuku akikimbizwa uani basi mgeni ameshavua viatu mlangoni.

Kazi hii ina wenyewe. Mwaka 2005 mwanamke wa Devon, Jane Howorth, alianzisha shirika ambalo leo linaitwa British Hen Welfare Trust, na tangu hapo kuku kwa mamia ya maelfu wamepata makazi. Vizimba vya zamani, vilivyompa kila kuku nafasi ndogo kuliko karatasi ya A4, vilipigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwamo, tarehe 1 Januari 2012. Vilivyorithi vina fito za kulalia na mahali pa kutagia, na nafasi ya kila kuku imeizidi karatasi hiyo kwa upana wa kadi ya posta. Wanasiasa waliita hayo maendeleo. Kuku hawakuulizwa.

Nilipoonyeshwa kizimba changu nikafanya kama tunavyofanya kwetu: wawili mkono huu, wawili mkono ule, miguu juu vichwa chini, nikashika njia kwa mwendo wa mchuuzi wa soko la Kisutu, Dar es Salaam. Banda zima likanyamaza, hata kuku. Bibi mkuu wa kikosi akanijia na, kwa ule upole wa Kiingereza unaouma kuliko tusi, akauliza kama ningependa kuonyeshwa namna nyingine. Namna nyingine ni kumkumbatia kuku mmoja mmoja kifuani, mabawa yamebanwa, kiganja kimoja chini ya miguu, huku ukimsemesha taratibu. Sikujua la kumwambia. Nikampa shikamoo, maana alikuwa mstaafu. Mkao huu una hasara moja ambayo wachuuzi wetu hawaijui: mzigo wote wa kuku unaelekea mfuko wako wa shati.

Saa nne wapokeaji wakapanga foleni na vikasha vya paka. Mimi nikapewa karatasi ya maswali. Una banda lisiloingiliwa na mbweha? Unaahidi hutamla? Hilo la pili nililisoma bila kuinua macho, nisije nikaonekana fisi aliyekabidhiwa bucha. Bibi mmoja alileta sweta nne alizozifuma kwa ajili ya kuku wasio na manyoya, akaelezwa kwa heshima kwamba kuku huota manyoya yake mwenyewe, na sweta ikilowa inamzidishia baridi. Karatasi ikatiwa saini, na kuku akawa mkazi wa Leicestershire siku ile ile. Mimi ukaazi wangu wa kudumu niliungoja miaka mitano, na hakuna aliyenifumia kitu.

Familia moja haikutokea. Macho yakahama kutoka kwa kuku wanne waliobaki hadi kwangu, mwenye gari tupu na boksi la ndizi. Sasa, boksi la ndizi likishalowa chini halina mkataba na mtu. Kwenye taa za barabarani mmoja alipanda kiti cha mbele, akajizungusha, akataga. Dereva wa basi lililosimama ubavuni alitazama yai, akanitazama mimi, taa ikawaka kijani na hakuna aliyeondoka.

Jioni nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona nasikia kuku? Hujaniambia kama una wageni."

"Sina wageni. Hawa wamestaafu, nimewachukua niwatunze."

"Na huwali?"

"Nimeahidi, Mama."

"Umemwahidi nani, kuku?"

Nilipomwambia hapa kuku hupewa majina, akanipa manne papo hapo: Pilau, Mchuzi, Supu na Iddi. Yamebaki hayo hayo, na Supu huitika.

Kuku wa kienyeji magharibi inapoingia hupanda mwenyewe mwembeni. Hawa wamelelewa kwa taa za umeme, na giza hawalielewi. Walijikunyata kwenye kona ya ua, nikawabeba mmoja mmoja hadi bandani huku jirani akichungulia. Tone la kwanza la mvua liliwafanya waangalie juu, kisha waniangalie mimi, kana kwamba ndimi mhusika. Baada ya wiki kadhaa manyoya yakaota, upanga wa kichwani ukageuka mwekundu, na mchicha wangu wote ukafukuliwa kwa ustadi usiofundishwa kizimbani.

Sheria ndiyo iliyonishangaza. Uingereza ilikaza kanuni za chakula cha mifugo baada ya mlipuko wa homa ya miguu na midomo wa mwaka 2001, na leo kumpa kuku makombo ya jikoni mwako ni kosa. Mchicha unaotoka moja kwa moja bustanini ni halali. Ukipita jikoni kwangu umekuwa jinai. Ukoko wa ugali naula mwenyewe, nao wananitazama dirishani. Yakizuka mafua ya ndege, serikali huweza kuamuru ndege wote wanaofugwa wafungiwe ndani, na waliotoka kifungoni wakarudi kifungoni kwa amri ya waziri. Mama anasema kwao Tanga serikali haina habari na kuku wa mtu.

Ikiwa uko huku na una ua wa nyuma, andika jina lako kwa shirika lolote la namna hii. Tangu 1 Oktoba 2024 kila mwenye kuku England na Wales, hata akiwa mmoja, lazima amwandikishe serikalini, na ni bure. Siku ya kuwachukua njoo na kikasha kigumu. Boksi la ndizi liache nyumbani.