Joto la Chuga Lisipotee: Tuhesabu Kutoka Tano

Saa saba mchana Ngaramtoni, hapa Arusha, chalii wangu, bati huligusi. Joto lote hilo linakwenda bure, na linaniuma, maana kuna vifaa vinavyoweza kulifanya umeme. Haya, tushuke.

5. Paneli ya jua ya kawaida. Naiheshimu, ila inataka mwanga, joto inalichukia: kila nyuzi moja juu ya 25 huipunguzia nguvu kwa takriban asilimia 0.4. Mlioko Dar, poleni! Baridi yetu mnayoicheka ndiyo inayoipumzisha.

4. Nitinoli, aloi ya nikeli na titani. Ikunje ikiwa baridi, kisha ipashe moto: inarudia umbo lake kwa uhakika kuliko mkopeshaji anavyorudia mlango wa mdaiwa. Mwaka 1973, huko California, Ridgway Banks aliitengenezea gurudumu lililozungushwa na maji ya moto na ya baridi, basi. Ya moto tutayapata juu ya paa. Ya baridi Mlima Meru unatushushia kila siku.

3. Bismathi na teluriamu. Upande mmoja uwe moto, wa pili baridi, umeme unatembea. Thomas Seebeck aliigundua tabia hiyo kwa metali mbili mwaka 1821. Mwaka 2011 watafiti wa MIT waligeuza asilimia 4.6 ya nguvu ya jua kuwa umeme kwa njia hii. "Kidogo hivyo?" Kidogo, ndiyo, lakini hakuna kinachozunguka wala kusagika. Vyombo vya Voyager vilirushwa angani mwaka 1977 vikitumia mbinu hiyohiyo kwa joto la plutoni, na hakuna fundi aliyevifuata na spana.

2. Tengeru, si kifaa bali pa kuvijifunzia. Taasisi ya Nelson Mandela inafundisha sayansi ya vifaa na nishati, nauli ya daladala tu kutoka mjini. Visingizio vimeisha.

1. Turmalini, jiwe la thamani! Ya kijani inachimbwa Landanai, Simanjiro, na mabroka wa Arusha wanatembea nayo mfukoni. Ukiipasha moto inavuta majivu. Waholanzi waliliona hilo karne ya 18, na mwaka 1824 David Brewster akauita umeme huo pairoelektriki. Joto lililotulia haliisisimui. Inataka linalopanda na kushuka. Sasa tazama mawingu ya Meru: yanafunika jua, yanaliachia, yanafunika tena. Mwenye paneli ananuna, turmalini inashangilia! Chai haitachemsha, umeme wake ni mdogo mno. Ila zipo seramiki na plastiki nyembamba zenye tabia hiyo, na kipima unyevu cha shambani hakili umeme mwingi. Cha kwanza nakiombea migomba ya Tengeru.