Gari Linasemaje?

Kosa la kwanza nililifanya kwenye simu. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaa wetu wa Kihonda umeshikwa na ile baridi ya Julai inayoteremka kutoka milima ya Uluguru, nami nimesimama mbele ya boneti iliyo wazi. Nikampigia fundi kumwambia pikapu yangu inatoa mlio. Akaniuliza kama daktari anavyomuuliza mama aliyebeba mtoto mgonjwa:

"Gari linasemaje?"

Hapo akawa amenigusa penyewe. Nafundisha Kiswahili sekondari, mwaka wa kumi na saba huu, na mada ninayoipenda kuliko zote ni tanakali za sauti. Naweza kumaliza kipindi kizima nikieleza kwa nini anayeanguka majini huanguka chubwi, wa mchangani tifu, na wa matopeni tapwi. Nikavuta pumzi, nikatamka kwa ufasaha wote nilionao:

"Tiki, tiki, tiki, tiki."

"Tiki au toko?"

"Tiki."

"Haina dugu-dugu?"

"Hata kidogo."

"Basi shukuru Mungu, mwalimu. Dugu-dugu ni konrodi, hapo ungeuza shamba. Tiki ni ugonjwa wa juu, nozeli au valvu. Lete gari."

Nikakata simu nikijiona nimefaulu mtihani. Mama watoto alikuwa amesimama kando ya tairi la mbele, mikono kaificha ndani ya khanga, anasubiri nimpeleke mjini na vitambaa vyake. Yeye ni fundi cherehani, sindano ikilegea anaisikia akiwa chumba cha pili. Akasema, "Mbona mimi sisikii tiki? Hilo linapumua. Fu, fu, fu. Kama mfuniko wa sufuria usiokaa sawa."

Nikamweleza kwa upole kwamba fundi ametaja tiki, toko na dugu-dugu. Fu haimo.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya zamani yenye injini ya 3L, silinda 4, cc 2,779, na pampu ya mafuta ya enzi ambazo kompyuta hazikuwa zimeingilia mambo ya watu. Niliinunua kupitia kwa dalali ambaye, katika maneno ya saa nzima, alisema neno moja la kweli: "Mwalimu, dizeli zote hulia." Injini ya petroli ina plagi za kuwasha moto, dizeli haina. Hii yangu inaibana hewa zaidi ya mara 20 mpaka hewa yenyewe inachemka, ndipo nozeli inanyunyiza mafuta yanayojiwakia yenyewe. Kila mwako ni kofi. Kwa hiyo mwenye dizeli hatafuti kimya. Anatafuta kujua kofi lipi ni halali na lipi limezidi. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyetuanzishia haya, aliifanya injini yake ikubali mwaka 1897. Mwaka 1913 alipanda meli usiku kwenda Uingereza, asubuhi hakuonekana chumbani wala popote melini. Wanahistoria wana maelezo yao juu ya kilichompata. Mimi nina yangu.

Gereji iko upande wa pili wa mji, dakika ishirini kama pale Msamvu hakuna foleni. Nilipofika nikazima, nikafungua boneti, nikawasha tena. Kimya. Namaanisha kimya cha dizeli, lile varanga lake la kila siku, lakini tiki hakuna. Fundi, kijana wa ovaroli lililowahi kuwa la bluu, akainamisha kichwa. Wenzake wawili wakaja, nao wakainamisha.

"Linasemaje, mwalimu?"

Ikabidi niigize. Mtu mzima, shati nimechomekea, kalamu nyekundu mfukoni, nimesimama katikati ya gereji nasema tiki-tiki-tiki, naongeza kasi kuonyesha linavyokuwa nikikanyaga mafuta, napunguza kuonyesha linavyokuwa sailensa, mafuta hayajakanyagwa. Mmoja wao akaniomba nirudie. Nina hakika alikuwa amesikia mara ya kwanza.

Ni yale yale ya jino, linalokukesheza usiku kucha, halafu mbele ya daktari linatulia kama la mtu mwingine. Tukakubaliana nililaze gari pale ili asubuhi aliwashe likiwa baridi. Kesho yake nikafika saa mbili. Fundi akanipokea kwa bashasha: "Nimeliwasha tangu alfajiri. Nimempeleka mtoto shule, nikapitia na ndoo za maji. Mwalimu, gari zima hili!"

Siku ya tatu nikalilaza tena, safari hii nikaondoka na ufunguo, na kesho yake nikamtangulia pale gerejini. Nikawasha mbele yake injini ikiwa baridi kama jiwe. Tiki, tiki, tiki! Sijawahi kuufurahia ubovu wa mali yangu kiasi kile.

Kijana akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya kifuniko cha valvu, mpini akaubana kwenye mfupa wa mbele ya sikio, akafumba macho. Alipomaliza akanipa na mimi. Nikasikia kiwanda kizima kinafanya kazi ndani ya fuvu langu, zamu zote tatu kwa pamoja. Kisha akashika spana namba 17 na kitambaa, akalegeza nati ya bomba la mafuta kwenye nozeli ya kwanza. Injini ikayumba, dizeli ikatema kwenye kitambaa, tiki ikaendelea. Akakaza. Ya pili, tiki ipo. Ya tatu, ipo. Alipolegeza ya nne, tiki ikakatika.

"Umeona?" akasema.

Niliona. Ulikuwa ushahidi wa mahakamani. (Mchezo huu ni wa pampu za zamani tu. Kwenye dizeli hizi mpya mafuta husubiri kwenye bomba kwa mgandamizo unaozidi mara elfu ule wa hewa tunayovuta, na yakichomoka hutoboa ngozi. Anayetaka kuzilegezea nati dizeli hizo aage nyumbani kwanza.)

Dukani kwa nozeli, kijana mmoja aliifunga ile namba nne yangu kwenye mashine yake ya kupimia, akabonyeza mpini. Ikapuliza ukungu safi, mwembamba, wa kupendeza, kama manukato. "Mbona hii nzima?" akauliza. Nilimwonea huruma, bado mdogo, atajifunza. Mwenye duka ndiye aliyekuwa na busara ya umri wangu. Alisema nozeli hazinunuliwi moja moja, ukiweka mpya kati ya wazee watatu hawataelewana. Nikalipa za watu wanne. Laki mbili na nusu. Zile za zamani nikafungiwa kwenye gazeti.

Kesho yake alfajiri nikawasha.

Tiki.

Fundi wa pili alisema wa kwanza hana masikio, hizo ni valvu. Akafungua kifuniko, akaingiza fila zake, vile vyuma vyembamba vya kupimia mwanya, moja baada ya nyingine. Valvu za kuingizia hewa zinatakiwa ziwe na mwanya wa karibu milimita 0.25, sawa na karatasi mbili na nusu za daftari. Za kutolea moshi zinataka karibu 0.45. Alipima zote 8 huku mimi nikishika tochi na kunong'ona namba kama msimamizi wa uchaguzi. Zote zilikuwa sawa. Nikamlipa kwa kunithibitishia kuwa sina tatizo, na gasketi ya kifuniko juu.

Wakati huo habari zilishafika shuleni. Korido nzima ilinyamaza nilipopita, na nilipokata kona ikalia tiki-tiki kama cherehani. Katika mtihani wa Kidato cha Tatu niliwaambia wataje tanakali tatu na maana zake. Mmoja akaandika: "Tiki-tiki: mlio wa gari la mwalimu." Nikampa alama. Ilikuwa haki yake.

Aliyenitoa huko ni jirani yetu wa ukuta mmoja, mzee aliyeendesha malori ya safari ndefu mpaka akastaafu. Asubuhi moja nikiwa nimeinama kwenye boneti alitokea na kikombe cha chai ya rangi. "Mwalimu, shikamoo nitaipokea baadaye. Hiyo kitu ikipata moto inanyamaza?"

"Inanyamaza, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wiki ya tatu sasa naisikia dirishani kwangu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanishangaa. "Uliniuliza?"

Akaanza kugonga ukuta kwa kidole kufuata ule mlio. Mgonjwa wa chini, alinieleza, hugonga kila krenki inapomaliza mzunguko. Wa juu hugonga mara moja kila mizunguko miwili. Sailensa kwenye mizunguko 700 kwa dakika, mlio wa juu ni 350, karibu sita kwa sekunde. "Wako ni wa juu. Hapo mafundi wako hawakukosea. Lakini juu wanakaa wengi. Wewe unasikia linasemaje?"

"Tiki," nikasema, nikakaza ile k.

"Linapumua," mama watoto akasema kutoka mlangoni, mdomoni ana pini. "Mimi nilisema tangu siku ya kwanza. Kama mfuniko wa sufuria."

Mzee akaweka kikombe chini. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akaomba kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Ncha moja akaiweka sikioni, nyingine akaipitisha taratibu kando ya manifoldi ya egzosti, pale injini inapotemea moshi. Alipofika mwisho kabisa, nyuma, kwenye silinda ya nne, akarudisha kichwa kama aliyepulizwa. Akaingiza kidole chini ya bati la kukinga joto, akakitoa kina masizi meusi, laini kama wanja.

"Stadi imekatika," akasema.

Kwa sekunde mbili nilidhani ananisema mimi. Kumbe ni ile bolti isiyo na kichwa inayoishika manifoldi. Imekatika, gasketi ikaungua pembeni, na kila silinda ya nne ilipotema moshi kiasi kikapenya pale kwa kishindo kidogo. Chuma kikipata moto kinavimba, ufa unajifunga, nami nawasili gerejini na gari zima. Ile spana namba 17 nayo haikusema uongo: ukikata mafuta ya silinda ya nne, hakuna mlipuko, basi hakuna cha kuvuja. Ukizima jiko, mfuniko huacha kelele. Sisi tukaenda kununua jiko jipya.

Yule kijana wa ovaroli ndiye aliyerekebisha. Alichomelea nati kwenye kisiki cha stadi, akakizungusha kikatoka, akaweka mpya na gasketi mpya, asubuhi moja ikatosha. Gharama yote haikufika bei ya nozeli moja. Alipomaliza aliniuliza kwa nini sikumwambia tangu mwanzo kwamba linasema fu.

Yule mwanafunzi wa Kidato cha Tatu nimemwachia alama yake, ingawa moyoni najua alikosea. Nozeli nne za zamani, nzima zote, hazikuishia kabatini. Mama watoto alizifungua kutoka kwenye lile gazeti, akazichemsha kwa sabuni mpaka harufu ya dizeli ikaisha, akazipima mkononi moja moja. Sasa akitandaza kitambaa mezani kukata suti, anaweka moja kila pembe, kitambaa kisimtoroke.